Namna ya kukokotoa wastani, mediani, modi na mkengeuko wastani wa data zilizopangwa katika makundi

Anayekusanya data kwa mkono mara nyingi hulazimika kuzipanga katika makundi, kwa kuwa orodha ya namba 50 zilizotawanyika haimwonyeshi msomaji sura yoyote. Hata hivyo, kupanga makundi kuna gharama yake: ukishaandika kwamba abiria 15 walitumia dakika 40 hadi 49, huwezi tena kujua nani alitumia 41 na nani 48. Kila jibu utakalolipata baada ya hapo ni kadirio, na ubora wa kadirio hilo unategemea sana namna ulivyoielewa mipaka ya makundi, kuliko wepesi wako wa kubonyeza kikokotozi.

Tuchukulie mfano ufuatao, ambao namba zake nimezitunga kwa ajili ya zoezi. Abiria 50 waliopanda daladala asubuhi kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo waliulizwa safari yao ilichukua muda gani, na kila jibu likaandikwa kwa dakika kamili iliyo karibu zaidi.

| Dakika | Marudio (f) | Kitovu (x) | f × x | Marudio limbikizi |
|---|---|---|---|---|
| 20–29 | 4 | 24.5 | 98 | 4 |
| 30–39 | 9 | 34.5 | 310.5 | 13 |
| 40–49 | 15 | 44.5 | 667.5 | 28 |
| 50–59 | 12 | 54.5 | 654 | 40 |
| 60–69 | 7 | 64.5 | 451.5 | 47 |
| 70–79 | 3 | 74.5 | 223.5 | 50 |

Kabla ya kukokotoa chochote, tafuta mipaka halisi ya makundi. Kwa kuwa muda ulikadiriwa kwenye dakika iliyo karibu, aliyesafiri kwa dakika 39 na sekunde 40 aliandikwa 40, na aliyesafiri kwa dakika 49 na sekunde 20 aliandikwa 49. Kundi la 40–49 basi linaanzia 39.5 na kuishia 49.5, upana wake ni 10, wala si 9 kama wanavyoandika wale wanaotoa 40 kwenye 49, na kitovu chake, yaani thamani ya katikati, ni 44.5.

Umri hauendi hivyo. Mtu mwenye miaka 29 na miezi 11 husema ana miaka 29, kwa hiyo kundi la umri wa miaka 20–29 linaanzia 20 kamili na kufika ukingoni mwa 30, na kitovu chake ni 25. Nimesoma tafiti za wanafunzi ambamo wastani wa umri ulipungua nusu mwaka kwa sababu hiyo peke yake. Kosa la namna hii linasikitisha kwa kuwa halionekani: hesabu imefuata kanuni hatua kwa hatua, jibu linaonekana la busara, na hakuna anayerudi kuuliza swali liliulizwaje. Kwa hiyo, jiulize kwanza namba ziliandikwaje, kisha ndipo uandike vitovu.

Kupata wastani, zidisha marudio ya kila kundi kwa kitovu chake, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya marudio. Jumla ya safu ya f × x ni 2,405, na 2,405 ÷ 50 ni dakika 48.1. Hapa tumemhesabu kila abiria kana kwamba alikuwa katikati ya kundi lake. Dhana hiyo si kweli kwa mtu mmoja mmoja, lakini kwa kawaida waliozidi kitovu na waliopungua hufidiana.

Mediani ni thamani inayowagawa abiria nusu kwa nusu. Nusu ya 50 ni 25. Ukisoma marudio limbikizi, yaani jumla ya marudio kuanzia kundi la kwanza hadi kundi husika, utaona kwamba abiria 13 wamekwisha kabla ya kundi la 40–49, na kundi hilo linafikisha 28, hivyo mediani imo humo. Tunahitaji abiria 12 zaidi kati ya 15 waliomo. Tukichukulia kwamba wamesambaa sawasawa, tutasogea sehemu 12/15 ya upana wa 10, yaani dakika 8, kutoka mpaka wa chini wa 39.5. Mediani ni 47.5.

Modi, yaani thamani inayojirudia zaidi, ipo katika kundi lenye marudio mengi zaidi, ambalo ni hilohilo. Tofauti yake na kundi lililotangulia ni 6, na tofauti yake na linalofuata ni 3, basi modi ni 39.5 + 6/(6 + 3) × 10, takriban 46.2. Sishauri kuitegemea sana, kwa sababu ukibadilisha mahali makundi yanapoanzia, modi inaweza kuhama wakati wastani haujasogea sana.

Kwa mkengeuko wastani (standard deviation), yaani kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuzunguka wastani, punguza uzito wa namba. Chagua kitovu kimoja cha katikati, 44.5, kiite sifuri, na makundi yote yawe −2, −1, 0, 1, 2 na 3. Zidisha namba hizo kwa marudio na ujumlishe: utapata 18. Zidisha miraba yake kwa marudio na ujumlishe: utapata 92. Gawanya 92 kwa 50, toa mraba wa 18/50, kisha zidisha kwa mraba wa upana: 100 × (1.84 − 0.1296) = 171.04. Kipeuo cha pili chake ni dakika 13.08. Ikiwa abiria hawa ni sampuli ya wengi zaidi, 171.04 huzidishwa kwa 50 na kugawanywa kwa 49 kabla ya kutafuta kipeuo cha pili, na jibu huwa 13.21. Njia hiyohiyo inakupa nafasi ya kuhakiki wastani: 44.5 + 10 × 18/50 ni 48.1, kama tulivyopata awali. Jibu hilo likitofautiana, tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Liko tatizo moja ambalo kanuni hizi haziwezi kulitatua, nalo ni kundi lililo wazi. Majedwali ya umri ya sensa kwa kawaida huishia na kundi kama «miaka 80 na zaidi», na wengi hulibunia kitovu ili wapate wastani. Ni afadhali kutumia mediani na robo, yaani thamani ambazo robo moja na robo tatu za abiria ziko chini yake. Katika mfano wetu, robo ya kwanza ni 29.5 + (12.5 − 4)/9 × 10, takriban 38.9, na robo ya tatu ni 49.5 + (37.5 − 28)/12 × 10, takriban 57.4. Hata kama kundi la mwisho lingeandikwa «70 na zaidi», na abiria mmoja wapo angekuwa amekwama barabarani kwa saa tatu, mediani na robo hizo mbili zisingebadilika.