Namna ya kujisimamia katika darasa la Kiingereza la mtandaoni: wiki 2 za kuanzia

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, hasa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mwaka 1981 Henri Holec, mtafiti wa ujifunzaji lugha, alieleza kujisimamia kuwa ni uwezo wa kubeba mwenyewe jukumu la kujifunza: lengo, njia na kipimo. Mwalimu yupo palepale. Kinachohama ni maamuzi.

Hatua ya 1: Jipime. Jirekodi kwa simu dakika 2 ukieleza kozi yako, bila kusoma popote. Kisha andika maneno 150 kwa dakika 20. Weka tarehe, hifadhi. Linganisha na jedwali la kujipima la Baraza la Ulaya, lenye ngazi 6, A1 (ya chini kabisa), A2, B1, B2, C1 hadi C2 (ya juu kabisa). Kila stadi ipime kivyake. Aliyezoea kukariri notisi aweza kuwa B1 katika kusoma na A2 katika kuongea. Akijipa B1 kote, atachagua mazoezi yatakayomshinda.

Hatua ya 2: Lengo. "Kuboresha Kiingereza" halipimiki. Andika: "Nitaeleza grafu moja ya somo langu kwa dakika 3 bila kusoma."

Hatua ya 3: Daftari la makosa. Kazi yenyewe iko hapa. Chora safu 4: nilichosema, sahihi, chanzo, mara ngapi. Wengi huiruka safu ya chanzo, nayo ndiyo yenye faida. Ukimwita mama "he", chanzo ni "yeye", neno lisilobagua jinsia. Ukiandika "I went to library", ni kwa sababu Kiswahili hakina kijineno cha kazi ya "the", hivyo sikio halishtuki. "Discuss about" imezaliwa na "kujadili kuhusu". Ukijua chanzo unajua pa kuvizia: pitia kazi yako mara moja ukisaka nomino tu, na kila nomino ya umoja inayohesabika iulize ina "a", "the" au "my" yake? Chagua makosa 3 tu kwa wiki hizi 2. Ukikimbiza 10, yote yatakuponyoka.

Hatua ya 4: Sikiliza. Pakua sauti ya dakika 3 hadi 6 yenye maandishi yake. Hula bando kidogo kuliko video. Kwanza sikiliza mfululizo. Pili, simamisha kila sentensi uandike ulichosikia. Tatu ndipo ufungue maandishi. Anayeanza na maandishi hudhani anasikia, kumbe anasoma.

Hatua ya 5: Kipindi. Ingia na maswali 2 yaliyoandikwa, uongee ndani ya dakika 10 za kwanza. Ukichelewa, wasemaji walewale wameshakishika kipindi.

Hatua ya 6: Akili mnemba. Andika mwenyewe kwanza. Iombe ionyeshe mistari yenye makosa bila kuyasahihisha. Sahihisha, ndipo uombe majibu. Ukibandika Kiswahili ikutafsirie, utapata aya safi na daftari tupu.

Hatua ya 7: Siku ya 14. Rudia rekodi na maandishi ya Hatua ya 1 kabla ya kufungua vya zamani. Hesabu yale makosa 3 kote. Kosa likipungua katika kuandika tu, ongeza dakika 5 za kuongea kila siku. Lisipopungua popote, mpelekee mwalimu rekodi zote mbili pamoja na daftari, umwonyeshe safu ya chanzo. Huenda ndiyo uliyoikosea.