Kushona Kitanda cha Bembea Chenye Blanketi la Chini

Anayelala katika kitanda cha bembea usiku wa baridi huamka mgongo umeganda ilhali kifua kina joto, hata akiwa ndani ya mfuko mzuri wa kulalia. Sababu ni kwamba kinachotunza joto si sufi yenyewe bali hewa tulivu iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Uzito wa mwili ukiikandamiza sufi, hewa hiyo hutoka, na upepo unaopita chini ya bembea hulichukua joto lote lililobaki. Bembea yangu ya kwanza niliishona kwa kutia sufi kati ya matabaka mawili ya kitambaa cha kulalia, kazi ya siku mbili nzima, na nikatetemeka vilevile kana kwamba sikutia kitu. Kwa hiyo tutashona vitu viwili mbalimbali: bembea inayobeba uzito, na blanketi linaloning'inia chini yake bila kubeba chochote.

Vifaa

Kwa bembea, tafuta nailoni yenye miraba ya nyuzi nene inayozuia mpasuko kuendelea, ya uzito wa gramu 55 hadi 65 kwa mita ya mraba, isiyopakwa dawa ya kuzuia maji. Kwa blanketi, nailoni nyepesi zaidi inatosha, pamoja na sufi ya poliesta inayouzwa kwa mita, yenye unene wa sentimita 3 hivi. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara. Utahitaji pia sindano ya cherehani ya namba 80, kamba imara isiyovutika, lastiki ya mviringo ya milimita 3, na mikanda miwili ya poliesta ya upana wa sentimita 2.5 ya kuzungushia miti. Mikanda ya nailoni iepuke, kwa kuwa hurefuka ikilowa na utajikuta umekaa chini.

Bembea yenyewe

Kata kitambaa cha urefu wa sentimita 330 na upana wa sentimita 150. Nailoni huchanika nyuzi upesi, basi pitisha kingo zake karibu na mwali wa mshumaa, bila kuzigusisha, hadi ziyeyuke kidogo. Kunga pande ndefu kwa kukunja sentimita 1 mara mbili, kisha ushone kwa mshono wa milimita 3. Mshono mfupi kuliko huo hutoboa matundu mengi yanayokaribiana, na kitambaa huchanika kwa kuyafuata kama karatasi ya stempu. Kwa sababu hiyohiyo mimi situmii pini. Nashikiza kwa vibanio vya nguo.

Ncha mbili fupi ndizo zinazobeba mtu, kwa hiyo usizifanyie haraka. Kunja sentimita 1, kisha sentimita 4, upate nefa pana, na uishone kwa mistari mitatu inayofuatana, kila mstari ukirudishiwa mshono mwanzoni na mwishoni. Urefu uliobaki sasa ni sentimita 320. Pitisha kitanzi cha kamba ndani ya kila nefa, ingiza ncha moja ya kitanzi ndani ya nyingine, na uvute mpaka kitambaa kijikusanye chote kama mdomo wa gunia lililofungwa.

Kati ya ncha hizo mbili funga kamba ya juu yenye urefu wa sentimita 266, yaani takriban asilimia 83 ya urefu wa bembea. Wengi huiona kama pambo la kutundikia taa, lakini kazi yake ni kuhakikisha kwamba bembea inanepa kwa kiasi kilekile kila unapoitundika, hata umbali kati ya miti ukibadilika. Bila unepaji huo huwezi kulala mshazari, na mtu asiyelala mshazari hulala amejikunja kama ndizi.

Blanketi la chini

Hapa ndipo penye siri ya somo zima. Blanketi likizunguka chini ya mwili hufanya nusu duara, na kitambaa cha nje kina njia ndefu zaidi ya kupita kuliko cha ndani. Sufi ikiwa na unene wa sentimita 3, tofauti hiyo inakaribia sentimita 9.4, yaani 3 mara 3.14. Ukikata vitambaa viwili vilivyo sawa, cha nje kitaikaza sufi na kuibana, na utakuwa umerudia kosa langu kwa njia nyingine.

Basi kata bitana ya ndani sentimita 200 kwa 112, sufi kwa vipimo hivyohivyo, na kitambaa cha nje sentimita 200 kwa 122. Piga bandi kuishikiza sufi kwenye kingo za bitana tu. Usipitishe mishono katikati ya sufi, kwa maana kila mshono unaoibana unakuwa mfereji wa baridi. Kisha laza kitambaa cha nje juu ya bitana, nyuso nzuri zikitazamana, na ile ziada ya sentimita 10 uigawanye katika marinda matano ya sentimita 2 kwenye kila upande mfupi. Shona kuzunguka ukiacha uwazi wa sentimita 40, geuza, kisha ziba uwazi kwa mkono. Mwisho, shona utepe kando ya pande zote nne ukiacha miisho wazi, upate nefa za kupitishia lastiki.

Kutundika

Lastiki za pande ndefu hufungwa kwenye ncha za bembea, na zile za pande fupi hukazwa ili midomo ya blanketi ifumbe upepo. Mikanda ya mitini ishuke kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi. Katika pembe hiyo kila mkanda hubeba mvutano ulio sawa na uzito wa mtu. Ukiikaza hadi nyuzi 10, mtu wa kilo 80 huzaa mvutano wa takriban kilo 230 kila upande. Jaribio la kwanza lifanyike bembea ikiwa chini, kimo cha goti, na kaa taratibu.

Maswali ya wanachama

Fundi, nitajuaje kwamba blanketi limekaa sawasawa?

Lala ndani, kisha mwombe mwenzako apitishe kiganja kati ya bembea na blanketi chini ya kiuno chako. Kiganja kikipita bila kugusa pande zote mbili, hewa baridi nayo inapita, kaza lastiki. Kikikwama, legeza, kwa kuwa sufi imeanza kubanwa.

Cherehani yangu ya nyumbani inaruka mishono kwenye nailoni. Je, nitafute ya kiwandani?

Hapana, ndugu yangu. Badilisha sindano kwanza, kwani sindano butu ndiyo chanzo cha kawaida. Halafu shika kitambaa kwa mikono miwili, mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, kikiwa kimenyooka bila kuvutwa, na uzishike ncha zote mbili za uzi unapoanza ili kitambaa kisimezwe na tundu la bamba ambamo sindano huingia.

Naweza kutumia manyoya ya bata badala ya sufi?

Unaweza, na uzito utapungua sana, lakini manyoya huhamahama, hivyo lazima ushone vyumba vyenye kuta za wavu mwembamba ndani ya blanketi. Isitoshe, yakilowa hujikunja na kupoteza joto. Shona la sufi kwanza.

Na godoro la sponji je?

Godoro la sponji ngumu isiyonyonya maji halikandamiziki kirahisi, kwa hiyo linafaa. Kasoro zake ni kuteleza usiku na kuyaacha mabega nje, ambayo hubanwa na kitambaa pande zote mbili. Ukilitumia, shona bembea ya matabaka mawili ulitie katikati.

Blanketi lihifadhiwe vipi baada ya safari?

Likaushe kabisa, kisha ulitie katika gunia kubwa linalopitisha hewa, au ulitundike. Mfuko mdogo wa kubana ni wa njiani tu. Sufi iliyokaa imebanwa kwa miezi hairudi katika unene wake wote.