Kulichakaza Behewa la Gadi: Kutu, Masizi na Vumbi Mahali Pake

Behewa la gadi ni lile dogo lililokuwa likifungwa mwisho kabisa wa treni ya mizigo huko Marekani, ambalo wenyewe huliita kabuzi. Humo mkuu wa treni na watu wake wa breki waliandika hati za mizigo, walipika na walilala, na kutoka katika dungu lililoinuka juu ya paa waliutazama urefu wote wa treni ili waone kama kuna beringi inayofuka moshi. Nimeliita dungu kwa sababu sijapata neno lililo karibu zaidi: ni mahali pa juu pa mtu kukaa akalinda, kama lile la shambani la kulindia ndege, ila hili linakwenda. Mabehewa haya yaliondolewa kwa wingi katika miaka ya 1980, pale kifaa kidogo kinachotundikwa nyuma ya behewa la mwisho kilipochukua kazi ya kupima upepo wa breki na kumpelekea dereva habari kwa redio.

Kwa anayetengeneza mifano midogo ya reli, behewa hili lina utamu wake kwa sababu lilikaliwa na watu. Behewa la mizigo huchakazwa na mvua, jua na mizigo yenyewe, lakini hili huchakazwa pia na mikono, viatu, jiko la makaa na kitambaa cha kufutia madirisha. Ndiyo maana kulichakaza si kazi ya kupaka rangi ya kutu kila pahala kisha ukaiita uzee.

Hapo ndipo sisi wa Visiwani tunapopotea kwa urahisi, kwani jicho la mtu wa Unguja au Pemba limefundishwa kutu na bahari. Tunaijua kutu ya bati lililokaa karibu na pwani, inayovimba chini ya rangi, ikatoka kwa magamba na mwisho ikatoboa. Tunaijua ya nondo zinazopasua saruji na ya bawaba za milango ya Mji Mkongwe. Hiyo ni kutu ya chumvi. Behewa la gadi lililofanya kazi Kansas au Colorado, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, halikupigwa na upepo wa chumvi, na lilipakwa rangi upya kila baada ya miaka kadhaa na mafundi wa kampuni yake. Uchafu wake mkubwa ni vumbi na masizi, na kutu hukaa mahali pachache panapoeleweka. Behewa langu la kwanza nililitia kutu kwa mapenzi makubwa, na nilipomaliza lilifanana na tangi la maji lililotupwa ufukweni. Tangu hapo, kabla ya kuweka rangi yoyote, hujiuliza mambo matatu: kitu hiki kilitoka wapi, kiliangukaje hapa, na maji ya mvua yalikipeleka upande gani.

Viungo kabla ya rangi

Mfano wa kipimo cha 1:87, ambao ndio unaopatikana kwa wepesi zaidi, huwa na bodi ya urefu wa sentimita 10 hivi, kwa kuwa behewa lenyewe lilikuwa na kiasi cha mita 9. Uoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha uuache ukauke usiku mzima.

Katika mifano ya bei nafuu, vishikio vya kupandia huwa vimefinyangwa pamoja na ukuta, na hakuna kitu kinachoharibu sura ya behewa kama hicho. Vikwangue kwa wembe, toboa matundu kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 0.3, na utie waya. Kishikio cha kweli kilikuwa na unene wa milimita 19 hadi 22, ambao ukiugawa kwa 87 unapata kama milimita 0.25. Huna haja ya kuagiza waya huo kutoka mbali: fungua kipande cha waya laini wa umeme, ule wa pasi au taa ya mezani, na ndani yake utakuta nyuzi za shaba ambazo aghalabu zina unene wa milimita 0.2. Shaba hiyo ni laini mno ikiwa kama ilivyo. Shika ncha moja kwa koleo, nyengine uifunge kwenye kitu kisichotikisika, uvute polepole mpaka usikie waya umelegea kidogo mkononi. Hapo utakuwa umenyooka kama rula na umekuwa mgumu wa kutosha kusimama bila ya kupinda.

Bomba la jiko nalitengeneza kwa chelewa. Bomba la inchi 6 katika kipimo hiki lina unene wa milimita 1.75, na chelewa ya fagio la kawaida, ukichagua sehemu ya katikati, haikosei sana. Ipake gundi nyepesi kwanza ili nyuzi zake zisionekane, kisha rangi nyeusi isiyong'aa.

Kila ncha ya behewa ina kijukwaa chenye paa, na mimi huziita baraza kwa kuwa ndivyo zilivyo. Ikiwa behewa ni la zamani lenye baraza za mbao, ng'oa sakafu ya plastiki uweke vijiti vilivyochongwa vyembamba, kwa sababu mbao halisi iliyozeeka haiigiziki vizuri kwa rangi. Chukua kipande cha stilwaya ya chuma cha kawaida, isiwe ile isiyoshika kutu, ukiloweke katika kikombe cha siki kwa siku moja au mbili. Mfuniko usiukaze, kwani kinachotoka humo ni gesi. Wakati huo vijiti vilowe katika chai kavu iliyokolea, kisha vikaushe. Ukivipaka ile siki, tanini ya chai na chuma kilichoyeyuka huungana, na mbao hugeuka kijivu mbele ya macho yako, kijivu kilekile cha mlango uliokosa mafuta kwa miaka ishirini. Paka kidogo, kwa sababu rangi huendelea kukolea kwa saa kadhaa, na ukizidisha utapata mbao nyeusi.

Kulififisha, kulizimulia, kulitia vumbi

Mabehewa mengi yalikuwa mekundu, na wekundu hupauka kwa jua. Wengi huchanganya rangi nyekundu na nyeupe, na matokeo yake ni behewa la waridi. Tumia rangi ya maziwa yenye kahawia kidogo, uizimue sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, na upake tabaka mbili au tatu nyembamba, ukikoleza zaidi sehemu ya juu ya kuta na kuacha kivuli chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua halikufika. Fanya hivyo baada ya kubandika herufi na namba za behewa, la sivyo ukuta utakuwa mzee na maandishi yatang'aa kana kwamba yameandikwa jana.

Baadaye huja rangi ya kuzimua: nyeusi na kahawia, nyepesi kama maji ya kunawia mikono baada ya kuchimba, na tone moja la sabuni ya vyombo ili isijikusanye kama matone. Ipitishe kwenye nafasi za mbao na pembezoni mwa misumari, subiri dakika moja, kisha ufute kwa kitambaa kikavu kwa mkono unaoshuka tu, usiovuka, kwani mvua haiteremki kwa mlalo. Juu ya rangi za akriliki usitumie spiriti kuzimulia. Spiriti huilainisha rangi ya chini, na ikikutana na vanishi isiyong'aa huigeuza nyeupe.

Masizi yana mantiki yake. Behewa hili lilikuwa mwisho wa treni, mbali na injini, kwa hiyo paa lake halikupata masizi mengi kama ya mabehewa ya mbele, lakini lilikuwa na jiko lake lenyewe. Weusi mkubwa uwe kuzunguka bomba, kisha ufifie kuelekea ncha zote mbili, kwa sababu behewa halikugeuzwa kila safari. Leo moshi ulilala upande huu, kesho upande ule. Masizi mazuri hayanunuliwi. Kwangua yaliyo chini ya chungu au ndani ya kioo cha kandili, uyasage kwa kidole, na uyapake kwa brashi laini iliyokauka kabisa.

Chini ya sakafu ndiko kwenye kazi kubwa. Breki za zamani zilikuwa na vipande vya chuma cha kalibu vilivyokandamiza magurudumu, na kila vilipokamata vilitoa unga mwembamba ulioshika kutu haraka, ukatanda juu ya bogi (fremu zinazobeba magurudumu) na chasisi kwa rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Saga chaki za kahawia na kijivu, uchanganye, na upulize unga huo kuanzia chini kwenda juu, ukiishia kama robo ya urefu wa ukuta. Sura za magurudumu ni habari nyengine. Katika behewa lenye beringi za kulainishwa kwa mafuta ya majimaji, mafuta yalirukia gurudumu na vumbi likanata juu yake, na kwa hiyo sura yake ni nyeusi yenye ukoko. Katika behewa la baadaye lenye beringi za rola, sura hiyo ni kavu na ya kutu. Ukikosea hapo, ajuaye ataona kabla hajatazama kitu chengine chochote.

Kutu sasa. Iweke kwenye ngazi, ambako viatu viliondoa rangi, kwenye viungio vya kufungia behewa kwa behewa, ambavyo kwa kawaida havikupakwa rangi, na chini ya misumari michache ya paa la chuma, ikishuka kwa mstari mmoja mwembamba. Katika ukuta wa mbao, usiiweke ila penye msumari au komeo. Vishikio vyenyewe, vilivyoshikwa kila siku, havina kutu katikati: vimesuguliwa, kwa hiyo vipitishie brashi kavu yenye rangi ya chuma, na kutu uiache kwenye ncha zinazoingia ukutani.

Nimewahi kutumia kutu halisi, kwa kuwa kwetu ni bure. Niliiokota kwenye vyuma vya pwani, nikaisaga na kuipaka bila ya kuiosha. Baada ya wiki chache chumvi iliyokuwamo ilivuta unyevu, na rangi ikainuka kwa malengelenge. Ukiitaka, ioshe kwa maji ya mvua au ya bomba mara tatu, uikaushe juani na uipepete kwa kitambaa, kisha uipitishie sumaku. Chembe zinazonasa ni lazima uzitupe, maana zikianguka relini zitaishia ndani ya mota ya injini yako.

Yuko atakayesema kwamba yeye anaipenda ile kutu ya bahari na hataki kuiacha. Huyo namshauri atengeneze behewa la reli ya Bububu ya Unguja, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kufunguliwa mwaka 1905. Ilikuwa na urefu wa maili 7 na njia yenye upana wa futi 3, ambayo katika kipimo cha 1:87 ni milimita 10.5, na ilianzia karibu na Ngome Kongwe, hatua chache tu kutoka baharini. Humo chumvi ni haki yake, pamoja na vumbi jekundu la kinongo. (Wanaosema kwamba mji wa Bububu ulipata jina kwa mlio wa treni hiyo wakumbuke kwamba Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliishi Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866.)

Vanishi na hewa yetu

Unga wote wa chaki na masizi unahitaji kufungwa kwa vanishi isiyong'aa, na vanishi hula kama nusu ya unga, kwa hiyo uwe umeuzidisha kidogo kabla. Tatizo letu ni unyevu. Katika masika, ukipuliza vanishi asubuhi, hunasa mvuke wa hewani na kuganda kwa weupe kama maziwa. Kazi yangu ya mwezi mzima ilipotea hivyo ndani ya dakika tano, au hivyo nilidhani. Behewa lililoingia weupe usilikwangue. Subiri siku kavu, lipulizie tena tabaka jembamba sana la vanishi ileile, na mara nyingi weupe huondoka. Bora zaidi ni kungoja kaskazi, ukafanya kazi baina ya saa saba na saa tisa za mchana, huku kopo ukiwa umelikalisha dakika kumi katika maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, fungua madirisha, na jiko liwe limezimwa.

Vanishi ikikauka, futa nyuso za magurudumu zinazokanyaga reli mpaka zing'ae, kwani hapo chuma hakipati nafasi ya kuchafuka. Vioo vya dungu, lakini, vifute kabla ya kupuliza vanishi, vumbi likiwa bado halijafungwa, kwa njiti ya kibiriti uliyoizungushia pamba yenye unyevu. Pembe ziache na uchafu wake. Kinachotakiwa ni duara la milimita 2 au 3 katikati ya kioo, ambalo katika kipimo hiki linazidi kidogo upana wa uso wa mtu aliyekaa humo usiku kucha akitazama mbele.