Kutibu mzizi wa jino: usiishie siku ya kwanza

Mimi ni msaidizi kwenye chumba cha meno hapa Mtwara mjini. Nashika mrija wa kunyonya mate, nachanganya dawa za kuziba, nasafisha vifaa, na naandika tarehe za kurudi. Kwenye tarehe ndipo shughuli ilipo. Mtu anafika kutoka Tandahimba shavu limeumuka, usiku kucha hajalala. Jino linafunguliwa, usaha unatoka, anaondoka anacheka na kila mtu. Halafu humwoni tena. Siku akirudi, jino limepasuka katikati na limebaki la kung'oa tu. Ukimuuliza anakujibu, "Nesi, si liliacha kuuma?"

Liliacha, ndiyo. Lakini halijapona.

Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinashuka mpaka kwenye ncha za mizizi. Jino likitoboka na tundu likafika huko, bakteria wanaingia na kiini kinavimba. Mkono ukivimba ngozi inatanuka; ndani ya jino hakuna pa kutanukia, kuta ni ngumu pande zote. Ndiyo sababu maumivu yale hayavumiliki, na ukilala yanazidi kwa kuwa damu inakimbilia kichwani. Mwisho kiini kinakufa, na maumivu yanaweza kukatika ghafla. Wengi hapo hushukuru Mungu na kurudi shambani. Kumbe uozo unaendelea kuteremka kwenye mfupa.

Amoksilini ya duka la dawa haimalizi kazi hii. Kiini kilichokufa hakina damu inayopita, sasa dawa ifike huko kwa njia gani? Uvimbe utapungua, kisha utarudi. Na wale wanaofukizwa moshi ili wadudu watoke: hakuna funza ndani ya jino, mpendwa.

Kutibu mzizi maana yake ni kuondoa kile kiini, kusafisha njia zake na kuziba, ili jino lako libaki mdomoni. Si kila jino linafaa. Lililopasuka mpaka kwenye mzizi, au lililoisha kabisa likabaki kisiki chini ya fizi, daktari atakushauri ung'oe, na mimi nitakuunga mkono ung'oe. Gego la mwisho kabisa nalo mara nyingi halina haja ya gharama hiyo. Uliza bei yote kabla ya kuanza: ya mzizi, ya kuziba na ya kofia (kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino), na kama bima yako inagusa chochote. Gego lina bei kubwa kuliko jino la mbele kwa sababu ya kazi. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, yaani njia moja ya kiini ndani ya mzizi. Gego la chini mara nyingi lina mizizi 2 na mifereji 3, na la juu lina mizizi 3 na mifereji 3 au 4.

Siku yenyewe njoo umekula. Dawa za presha au sukari kunywa kama kawaida, na tutajie. Mjamzito aseme mapema. Anatibiwa, ila daktari anachagua dawa na kumkinga wakati wa eksirei. Kama kuna dawa iliyowahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, itaje hata kama hujaulizwa.

Utapigwa picha, utachomwa ganzi, na mahali penye vifaa utavishwa kipande chembamba cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie na wewe usimeze kitu. Hapo daktari anatoboa juu ya jino na kuanza kupitisha vijisindano vyembamba kama vya kutungia shanga, kimoja baada ya kingine, akipima urefu wa kila mzizi. Kati ya sindano na sindano anaosha kwa dawa ya klorini. Ukisikia harufu ya jiki usiogope, lakini ukisikia inakuunguza koo au fizi, inua mkono wa kushoto. Wa kulia utagonga mkono wa daktari. Hata ganzi ikikuishia katikati, inua huo huo. Sindano nyingine ipo. Wazee wetu wa kiume ndio hasa wanaojikaza mpaka jasho linawatoka, na hakuna anayewapa zawadi.

Jino lisilo na usaha linaweza kumalizwa siku hiyo hiyo. Lenye usaha huwekewa dawa ndani na kuzibwa kwa muda, urudi baada ya wiki moja au mbili. Hapa ndipo ninapopoteza watu. Ile ziba ya muda ni laini na imewekwa kwa wiki chache. Ikidondoka, mate yanaingia, na usafi wote uliofanyika umekwenda na maji.

Tatizo la huku kwetu ni korosho. Kuanzia mwezi wa kumi watu wana pesa lakini hawana nafasi. Msimu ukiisha nafasi ipo na pesa imekwenda kwenye ada na bati. Ninachowaambia wa Newala na Tandahimba ni hiki: maumivu yakianza kabla ya msimu, usingoje mnada. Kama lazima uje katikati ya msimu, njoo na tarehe zako mbili ulizokwisha kupanga na nyumbani, nani atabaki anaokota na nani atabaki na watoto. Tuambie ukweli kwamba unatoka mbali, huenda daktari akakupa muda mrefu siku moja badala ya safari tatu. Wa Msangamkuu nao wahesabu muda wa kivuko. Kufika saa sita kwa miadi ya saa tatu kunaharibu siku ya watu watano.

Ukitoka, usile mpaka ganzi iishe. Kwenye taya la chini inaweza kukaa saa kadhaa, na nimeona mtu amejitafuna mdomo mpaka damu huku anasema chapati ni tamu. Chai ya moto nayo isubiri.

Siku mbili tatu za kwanza jino litauma kidogo, hasa ukiligusa na lenzie. Watu wanauliza, kiini kimetolewa, mbona linauma? Kinachouma ni nyama na mfupa unaoshikilia mzizi, na hivyo vina mishipa yake. Parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti huwatosha watu wengi. Ibuprofeni husaidia zaidi, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo au mimba, na mwenye pumu aulize kwanza. Aspirini usiibandike kwenye fizi, inaunguza. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mswaki unaendelea, taratibu. Tafuna upande wa pili: uji, wali na mchuzi wa samaki, viazi vya kuponda. Korosho za kukaanga, mahindi ya kuchoma na pweza wa jioni viache kwanza. Pweza anavuta ziba kwa jinsi anavyonata.

Ikipita wiki na maumivu hayapungui, au unahisi jino limekuwa refu kuliko mengine, rudi. Pengine ziba imezidi kidogo na inasuguliwa dakika mbili tu.

Lakini uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida, hayo si ya kusubiri tarehe yangu. Nenda hospitali usiku huo huo, kwa bajaji au kwa gari la jirani. Uvimbe wa jino ukifika kooni unaua.

Siku ya mwisho mifereji inajazwa gatapecha, mpira unaotokana na utomvu wa miti ya Asia, na picha inapigwa tena. Omba uoneshwe. Utaona mistari myeupe ndani ya mizizi, ikifika karibu na ncha bila kuipita sana. Kama mmoja umeishia njiani, uliza kwa nini. Daktari mzuri hakasiriki.

Bado kofia. Jino lililochimbwa limepoteza ukuta mwingi, na magego hayo ndiyo tunayotafunia kila kitu. Jino la mbele linaweza kutosheka na ziba ya kudumu, gego mara nyingi linahitaji kofia. Kama fedha haijapatikana, angalau lizibwe kwa ziba ya kudumu inayofunika ncha zake za juu za kutafunia, na usifungulie nalo soda.

Baada ya miezi 6, kisha mwaka, njoo upigwe picha hata kama huumwi. Kile kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, palipokuwa na usaha, hujaa mfupa polepole, na bila picha hatuwezi kujua. Kama kabla ya hapo unahamia Dar au Masasi, omba picha zako uondoke nazo, hata ukizipiga kwa simu kutoka kwenye skrini.