Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Hesabu yenyewe ni fupi: volti zikigawanywa kwa ampea hupatikana ukinzani (jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo wa umeme) kwa omu, na volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana nguvu kwa wati. Uhusiano wa volti na mkondo ulichapishwa na mwanafizikia Mjerumani, Georg Simon Ohm, mwaka 1827, na mtu yeyote mwenye kikokotoo huumaliza kwa kubonyeza vitufe vichache. Makosa mengi huingia kabla ya hapo, pale ambapo volti zimechukuliwa mahali pamoja na ampea mahali pengine, au vipimo viwili vimechukuliwa katika hali mbili tofauti za kifaa kilekile.

Amua kwanza ni kifaa kipi unachokihesabia, kisha uhakikishe kwamba volti utakazotumia ni zile zilizopo kati ya ncha zake mbili wakati mkondo unapita. Chukua betri inayosoma volti 12.6 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Ukiwasha taa inayovuta ampea 5, usomaji kwenye ncha za betri unaweza kushuka hadi volti 11.4. Anayetumia 12.6 atapata nguvu ya wati 63 na ukinzani wa omu 2.52, ilhali taa, tukichukulia kwamba nyaya zake ni fupi na nene, inapokea wati 57 na ukinzani wake ni omu 2.28. Volti 1.2 zilizopungua hazikupotea kimiujiza; zimetumika ndani ya betri yenyewe, na ukizigawanya kwa ampea 5 unapata ukinzani wa ndani wa omu 0.24. Nyaya zikiwa ndefu na nyembamba, nazo hula sehemu yake, ndiyo maana inafaa kupima kwenye taa badala ya kwenye betri.

Kuhusu mita, voltimita huunganishwa sambamba na kifaa, yaani kwenye ncha zake mbili bila kukata saketi, na ammita huunganishwa kwa mfululizo ili mkondo wote upite ndani yake. Anayetumia maltimita, yaani mita moja inayopima volti, ampea na omu, akumbuke kuhamisha waya wa kupimia kutoka kwenye tundu la ampea kabla ya kurudi kupima volti, kwa sababu ammita ina ukinzani mdogo mno, na ikiwekwa sambamba na chanzo cha umeme huwa ni shoti. Fyuzi ya mita ikiungua hapo ni bahati njema. Sehemu ya omu ya mita nayo isitumike kamwe kwenye saketi yenye umeme. Asiyezoea umeme wa ukutani asianze mazoezi huko, bali aanze na betri ndogo.

Vipimo vibadilishwe kuwa volti na ampea kabla ya kugawanya. Kizuio (rezista) kinachobeba volti 3 na miliampea 20 kina ukinzani wa omu 150, kwa kuwa miliampea 20 ni ampea 0.02. Ukisahau kubadilisha utapata 0.15, yaani jibu dogo mara elfu moja.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni joto. Balbu ya waya wa tungsteni ya wati 60 kwa volti 240 hutumia ampea 0.25, hivyo ukinzani wake ikiwa inawaka ni omu 960. Ukiichomoa, ukaiacha ipoe na kuipima kwa mita, utasoma kiasi kisichofika hata moja ya kumi ya hizo. Mita haikudanganya, wala kanuni haikuvunjika: waya ukipata joto ukinzani wake hupanda, na kila jibu ni kweli kwa hali yake. Kwa hiyo andika hali pamoja na namba. Kwa diodi inayotoa mwanga (LED) tahadhari iwe kubwa zaidi, maana uwiano wa volti na ampea hubadilika kila mkondo unapobadilika, na jibu la kipimo kimoja halikutabirii kingine.

Ikiwa umeme ni wa mkondo geu (AC), kama ule wa ukutani, hesabu hizi hufaa bila marekebisho kwa vifaa vya kupasha joto kama pasi na hita. Kwa mota, volti mara ampea huzidi nguvu inayotumika kweli, kwa sababu mkondo na volti havifiki kileleni kwa wakati mmoja. Hapo inahitajika mita ya wati au kipengele cha nguvu cha mota hiyo, yaani namba inayoonyesha ni sehemu gani ya volti mara ampea inayotumika kweli.

Usiandike tarakimu nyingi kuliko mita ilivyokupa. Volti 12.1 kwa ampea 0.37 ni omu 33, hata kama kikokotoo kinaonyesha 32.7027.

Mwisho, kabla ya kutumia jibu kwa volti nyingine, jiulize ni kipi kinachobaki vilevile. Koili ya hita inayovuta ampea 8 kwa volti 240 ina omu 30 na wati 1,920. Umeme ukishuka hadi volti 220, omu hubaki karibu zilezile, lakini mkondo hupungua pamoja na volti, na nguvu huwa takriban wati 1,613. Volti zimeshuka kwa asilimia 8 hivi, nguvu kwa asilimia 16, na maji yatachelewa kuchemka.