Chembe ya chuma jichoni: usifikiche

Unakata nondo kwa grainda, kitu kinakuruka jichoni, na mkono unataka kwenda wenyewe kufikicha. Uzuie. Chembe iliyokaa juu juu, ukiisugua inakwaruza kioo cha jicho. Nawa mikono, kisha mimina maji safi taratibu huku ukipepesa. Vumbi na mchanga mara nyingi hutoka hivyo hivyo.

Isipotoka, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Chuma kikinasa pale huanza kuacha kutu ndani ya saa chache, na kutu hiyo nayo hubidi iondolewe. Yule fundi mwenzako anayesifika kwa kutoa vibanzi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, mshukuru tu kwa mbali.

Kibanzi kilichoruka kwa kasi, mfano ulipogonga patasi kwa nyundo, ni habari nyingine. Kinaweza kupenya ndani na maumivu yakawa kidogo tu. Ukiona ukungu, damu au mboni imepinda, usioshe wala usikandamize: funika kwa kikombe kisichogusa jicho, wahi hospitali. Na useme wazi kuwa ni chuma, maana kipimo cha MRI, kinachopiga picha za mwili kwa sumaku kali, kinaweza kukisogeza.