Jinsi ya Kula Soba Kanda Matsuya, Tokyo

Wageni wangu wakifika Tokyo huwapeleka kula soba, tambi za Kijapani, kwenye mgahawa wa Kanda Matsuya, mtaa wa Sudacho. Mgahawa ulianza 1884, na jengo lake ni la 1925, miaka miwili baada ya tetemeko kubwa la Kanto. Mgahawa jirani maarufu, Kanda Yabu Soba, uliungua Februari 2013 ukajengwa upya, kwa hiyo anayetaka kuta za zamani aje hapa. Mgeni wangu wa karibuni alipata tabu mezani, ndipo nikaona niandike.

1. Kufika. Shuka stesheni ya Awajicho. Epuka saa sita mchana, foleni ni ndefu.

2. Jikague kwanza. Soba hukandwa kwa unga wa mbegu za mmea wa soba, na kuna watu mzio wake huwapeleka hospitali. Kama unao, usiingie kabisa: hata tambi nyingine huweza kuchemshwa kwa maji yaleyale ya soba. Waislamu wajue kwamba mchuzi wa soba kwa kawaida hutiwa mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia. Kutoagiza nyama hakuondoi hilo.

3. Kuketi. Utaonyeshwa kiti, pengine meza moja na watu usiowajua.

4. Kuagiza. Agiza mori, tambi baridi. Tempura, vikaango vya unga mwepesi, ni tamu, lakini mafuta yake hufunika harufu ya soba, na harufu ndiyo tuliyoifuata.

5. Kula. Hapa ndipo wengi hukwama. Usimwage mchuzi juu ya tambi, ule ni wa kuchovyea. Onja kwanza tambi chache bila mchuzi. Kisha inua kidogo kwa vijiti, nyuzi sita au saba zinatosha. Ukichota nyingi zitanasana na kukuning'inia mdomoni. Chovya ncha tu, kama theluthi. Mchuzi wa Tokyo ni mkali: sosi ya soya pamoja na supu ya samaki mkavu wa jamii ya jodari. Ukizamisha tambi zote utakula chumvi tupu. Wasabi, kiungo kikali cha kijani, usiikoroge kwenye mchuzi, paka kidogo juu ya tambi. Wapo wanaokoroga, mimi siwaungi mkono. Sasa vuta kwa sauti. Najua kwetu mtoto hukanywa kwa hilo, lakini hapa ni adabu, na hewa inayoingia pamoja na tambi ndiyo hupandisha harufu puani. Usizikate kwa meno ukarudisha nusu kikombeni. Na usisimame kupiga picha kumi: tambi hizi hushikana na kulegea upesi, uzile zikingali na ubaridi.

6. Sobayu. Mwishoni huletwa birika la maji moto yaliyochemshia tambi. Yamimine kwenye mchuzi uliobaki, onja, ongeza mpaka ukolee unavyopenda, unywe. Usiondoke bila kuyanywa.

7. Kulipa. Beba yen taslimu. Bakshishi haitolewi. Ukimaliza inuka, wenzako wanangoja nje.